Upepo wa Tairi Kubwa, Kutoka Karatu Hadi Ngorongoro

Uzito wa gari hubebwa na upepo ulio ndani ya tairi. Kwa hiyo Land Cruiser ya utalii iliyofungwa tairi kubwa kuliko za kiwandani haifai kujazwa upepo kwa mazoea. Kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva kinahusu tairi za awali. Namba iliyo ubavuni mwa tairi mpya nayo inaonyesha upepo wa kubebea uzito wa juu kabisa, ambao gari la watalii halifikii. Tairi kubwa huchukua hewa nyingi, hivyo hubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo, yaani pauni (kwa inchi ya mraba) chache kuliko tairi za awali.

Kiwango sahihi cha upepo hutafutwa gari likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri: abiria, mizigo, mafuta na tairi za akiba. Asubuhi, tairi zikiwa bado baridi, upepo hupimwa kwa geji. Kisha mstari wa chaki huchorwa kukatisha uso wa tairi, na gari husogezwa mita chache kwenye lami iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi; ikifutika kingoni tu, umepungua; ikifutika sawasawa, kiwango kimepatikana. Tairi za nyuma kwa kawaida hudai upepo zaidi, kwani ndiko mzigo unakolalia.

Baada ya nusu saa ya mwendo, upepo hupimwa tena. Ukiongezeka kwa pauni 4 hadi 6, mambo ni sawa. Ukizidi hapo, tairi inajikunja mno na kupata joto, kumaanisha ilijazwa kidogo.

Lami ya kutoka Karatu hufika lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Baada ya lango, kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Serengeti, changarawe hujipanga migongo kama bati, na tairi ngumu hurusha kila mtikisiko kwa springi, shokomzoba na abiria. Hapo upepo hupunguzwa. Gurudumu lililobeba kilo 800 kwa pauni 40 hugusa ardhi, kwa hesabu ya haraka, inchi za mraba 44; kwa pauni 25 hugusa takriban 70. Eneo hilo kubwa la mguso husaidia pia kwenye matope ya masika. Hata hivyo, tairi iliyolegea huvimba ubavu, na ubavu ndio huchanwa na mawe makali. Ndiyo maana mwendo nao hupunguzwa.

Baridi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hushusha upepo pia: takriban pauni 2 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kipimo cha alfajiri hakilingani na cha mchana.

Safari ya kurudi ina sharti moja: mwendo ubaki mdogo hadi tairi zijazwe tena Karatu, kabla ya kuteremka kwenda mji wa Mto wa Mbu. Tairi iliyolegea ikikimbizwa kwenye lami ya moto huweza kupasuka.