MWALIMU ALIYERUDI DARASANI AKAWA MUUGUZI



Ukifika katika zahanati yetu utatukuta watu wawili. Mimi ninapima, ninauliza maswali na kuandika dawa. Wengi mnaniita daktari. Mimi si daktari. Mimi ni tabibu msaidizi mwenye cheti, kazi ambayo wazee wetu walizoea kuiita mganga msaidizi wa vijijini. Mwenzangu ni muuguzi na mkunga. Watoto wanamwita mwalimu, nao hawakosei sana. Kabla ya kuwa muuguzi alifundisha shule ya msingi kwa miaka 6.

Leo nitakueleza habari zake. Amenipa ruhusa, ila hataki jina lake liandikwe. Vijana wengi wa hapa Nguvumali, na wa vijiji nje ya mji wa Tanga, wananijia na swali moja: "Nimekwisha soma chuo, nimesomea kazi nyingine. Je, bado ninaweza kuwa nesi?"

Lakini kwanza nikusimulie usiku mmoja.

Mama mmoja aliletwa kwa pikipiki saa 8 za usiku. Alijifungua salama. Mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka. Nikadhani kazi imekwisha, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi, shuka ilikuwa imeloa damu, na damu inadondoka chini. Sitakuficha, ndugu msomaji. Miguu iliniishia nguvu. Jambo hilo nililisoma chuoni, lakini kitabu hakitoki damu.

Mwenzangu hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya tumbo la mama, karibu na kitovu, akausugua mji wa mimba kwa nguvu. Sindano ya kuukaza alikuwa amekwisha kumpa mara tu mtoto alipozaliwa. Sasa aliniagiza nitundike maji ya mshipa yenye dawa hiyo hiyo. Alimsaidia mama kutoa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa kinauzuia mji wa mimba usikaze. Mtoto akawekwa kwenye ziwa anyonye, maana kunyonya nako kunaukaza. Mimi nikaambiwa nilitazame kondo chini ya taa, nione kama limetoka lote. Lilikuwa zima. Baada ya muda alichukua mkono wangu akauweka pale tumboni. Mji wa mimba ulikuwa mgumu kama embe bichi. Damu ilikuwa imepungua.

Unajua kwa nini damu hutoka hivyo? Mji wa mimba ni msuli. Kondo likibanduka, mishipa ya damu hubaki wazi. Msuli ukikaza, huibana mishipa hiyo kama mtu anavyoubana mpira wa maji. Msuli ukilegea, damu humwagika, na mama anaweza kufariki kabla gari halijafika. Kwa hiyo ukimpeleka mkeo au binti yako kujifungulia mahali penye mkunga aliyesoma, unampeleka kwenye mkono ule.

Sasa mkono ule ulipatikanaje?

Mwenzangu alisomea ualimu. Alifundisha Historia na Kiswahili. Siku moja mwanafunzi wake alianguka kifafa darasani, na yeye hakujua la kufanya. Akasema tangu siku ile chaki ilimwia nzito. Alikuwa na miaka 29, mume fundi baiskeli, na mtoto mmoja.

Alidhani cheti chake cha ualimu kitamfupishia njia. Hakikumfupishia. Hapa Tanzania, anayetaka kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga akitokea shuleni huulizwa matokeo yake ya kidato cha nne. Anatakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua 4, bila kuhesabu ya dini. Katika hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, angalau kwa alama D. Yeye alikuwa na Baiolojia tu. Mwenzangu alikasirika, na mimi ninamwelewa. Mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka 6 anajua kusoma. Lakini pia sindano hupimwa kwa hesabu, na dawa ni kemia.

Basi alijiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Jioni alisoma pamoja na vijana wa miaka 17 ambao walimwamkia kila siku. Mara ya kwanza Fizikia ilimshinda. Alirudia, akapata.

Hapo katikati alitapeliwa. Mtu mmoja alimwambia anayo nafasi ya chuo, atoe fedha kidogo tu. Mwenzangu aliuza cherehani yake. Mtu yule hakuonekana tena. Ukitaka chuo, usimpe mtu fedha njiani. Uliza kwanza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, yaani baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Usipojua pa kuuliza, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya yako.

Mama mkwe wake naye alisema, "Mwanangu, utasoma mpaka uote mvi?" Mwenzangu alicheka tu. Huko Marekani alikuwepo mwanamke aitwaye Mary Breckinridge, aliyezaliwa mwaka 1881. Alifiwa na mume, ndipo akasomea uuguzi. Alipopita miaka 40 alikwenda Uingereza kusomea ukunga. Mwaka 1925 alianzisha kazi ya wauguzi katika milima ya Kentucky, nao walivuka mito kwa farasi kwenda kuzalisha. Sisi tuna pikipiki, na masika hata pikipiki hukwama.

Stashahada ilimchukua miaka 3. Ya cheti ni miaka 2, na mwenye cheti anaweza kujiendeleza baadaye. Alipomaliza, jina lake liliingia katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapewa leseni. Sheria ya mwaka 2010 inadai hivyo. Bila leseni huruhusiwi kuuguza wala kuzalisha kwa kazi, hata ukiwa hodari namna gani.

Anasema mshahara haukumtajirisha, na zamu za usiku zinamchosha kuliko zilivyomchosha daftari za kusahihisha. Mtoto wake alilelewa na bibi miaka yote 3, na mpaka leo akiumwa humwita bibi kwanza. Hilo linamuuma.

Yule mtoto wa usiku ule aliletwa kupimwa Jumanne iliyopita. Ana kilo 7 na nusu. Mwenzangu aliandika uzito kwenye kadi kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zilizonyooka, akampa mama kadi asome mwenyewe. Mama alisoma polepole, kwa sauti.