Gari la zamani likigoma kuwaka: sikiliza kwanza, nunua kifaa baadaye

Miezi ya Juni na Julai hapa Singida huja na baridi na upepo mkali wa asubuhi. Ndiyo miezi ambayo magunia ya alizeti hutakiwa kufika kwenye mashine za kukamulia mafuta, na ndiyo miezi ambayo magari ya zamani hupenda kugoma. Katika vijiji vyetu vingi gari moja, Land Rover 109, Hilux au Land Cruiser iliyokula chumvi nyingi, ndilo linalobeba mazao, linalopeleka watu msibani na linalomkimbiza mjamzito Kiomboi au Singida mjini usiku wa manane. Likigoma, wanaopata shida ni wengi, si mwenye gari peke yake.

Wasikilizaji wetu wametueleza mara nyingi kisa kinachofanana. Gari limegoma, mtu wa kwanza kufika anasema stata imekufa, mwenye gari anakopa pesa na kununua stata iliyotumika, inafungwa, na gari bado haliwaki. Mwishowe anagundulika mkosaji: kichwa cha betri kilicholegea. Pesa ya stata imeshaondoka na hairudi.

Kwa hiyo leo tunaeleza namna ya kutafuta chanzo kabla ya kufungua mfuko. Gari likigoma huwa linatoa dalili. Anza na masikio.

Geuza swichi, usikilize

Kabla ya yote weka gia huru na uvute breki ya mkono. Washa taa kubwa, mwambie mwenzako asimame mbele ya gari azitazame, kisha piga stata. Utakutana na moja ya hali hizi nne.

Ya kwanza: kimya, na taa zinafifia sana au zinazima kabisa. Umeme haufiki wa kutosha. Mtuhumiwa ni betri au vichwa vyake.

Ya pili: kimya, lakini taa zinabaki kali vilevile. Betri ina nguvu, ila amri ya swichi haifiki kwenye stata. Kagua fyuzi, swichi yenyewe, na ule waya mwembamba unaoingia kwenye stata, ambao mara nyingi huchomoka kwa mtikisiko wa barabara. Kama gari ni otomatiki, hakikisha gia iko P au N.

Ya tatu: linasikika "ka!" moja au "ka-ka-ka-ka" ya haraka. Ile ya haraka kwa kawaida ni betri dhaifu au kichwa kichafu. Ile moja nzito, huku taa zikibaki kali, inaelekea kwenye stata. Hapo ndipo stata inastahili kutuhumiwa.

Ya nne: stata inazungusha injini vizuri lakini gari haliwaki. Achana na betri na stata. Tafuta upande wa mafuta, au wa moto wa plagi kama ni gari la petroli.

Betri na vichwa vyake

Huku ndiko ugomvi mwingi unakoishia, na ndiko kusikohitaji pesa nyingi. Shika kila kichwa cha betri ukizungushe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, kimelegea. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme unapita kwa taabu. Chukua spana, ambayo kwa magari mengi ni namba 10, ufungue waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Mwagia maji ya moto kwenye unga ule, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kausha, kisha funga chanya kwanza na hasi mwisho. Vaa kitu cha kulinda macho, kwa sababu unga ule una asidi.

Ufuate waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Magari ya zamani yana kutu na vumbi pale, na wengi hawapakagui kabisa. Fundi mwenye mita anaweza kuthibitisha kwa dakika moja: aweke ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, huku mtu akipiga stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa hasi au maungio yake yana kasoro.

Mita hiyohiyo ipime betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Gari likishawaka, isomeke kati ya 13.8 na 14.4. Isipofika hapo, alteneta haichaji, na betri mpya utakayonunua itaisha kama ya zamani.

Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri ya dukani peke yake. Maji mengi ya visima mkoani kwetu yana chumvi, na chumvi huua betri. Wala usiongeze asidi kwenye betri inayotumika. Kinachopungua ni maji.

Na tuseme ukweli hata kama unatugusa: redio ya gari iliyoachwa ikiimba usiku kucha, pamoja na simu tatu zinazochajiwa, inatosha kuimaliza betri chakavu kabla ya asubuhi.

Dizeli: tazama moshi

Stata inazunguka vizuri na gari haliwaki? Mtu asimame nyuma atazame bomba la moshi.

Hakuna moshi hata kidogo: dizeli haifiki kwenye injini. Anza na rahisi: tangi lina mafuta? Kisha filta. Fungua skrubu ya chini ya filta utoe maji, kwani dizeli ya kwenye madumu huja na maji na uchafu. Halafu toa hewa: legeza skrubu ya kutolea hewa, pampu kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Hewa huingia baada ya kubadilisha filta, tangi kukauka, au mpira wa mafuta kupasuka. Kuna pia valvu ndogo ya umeme kwenye pampu ya dizeli inayofungua mafuta ukiwasha swichi. Ukisikiliza vizuri, inasema "tik". Isiposema, kagua waya wake na fyuzi.

Moshi mweupe unatoka lakini haliwaki: dizeli inafika ila haishiki moto. Asubuhi ya baridi, watuhumiwa ni hita plagi zinazopasha moto vyumba vya injini. Injini kama 1HZ ya Land Cruiser inazitegemea. Subiri taa yake kwenye dashibodi izime ndipo upige stata. Kama gari huwaka vizuri mchana na kugoma alfajiri tu, mwambie fundi azipime moja moja kabla ya kugusa pampu au nozeli.

Petroli: tafuta moto, kisha mafuta

Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya akiba, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, na mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono. Ukiona cheche kali ya buluu, moto upo. Kagua filta na pampu ya mafuta. Usipoona cheche, kagua koili, waya zake, na kwa magari ya zamani zaidi kagua pointi ndani ya distributa, kwani zikichafuka au kuungua moto unapotea. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imezamishwa: subiri dakika kumi na tano kabla ya kujaribu tena.

Mafuta yenyewe nayo yanaweza kuwa na kasoro. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu waliochanganya mafuta ya taa. Gari likigoma muda mfupi baada ya kujaza, taja hilo kwa fundi mapema.

Yasiyofaa kufanywa

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishe nusu dakika, la sivyo utaiunguza kweli. Usimwage petroli kwenye kabureta, na usipulizie dawa ya kuwashia kwenye dizeli yenye hita plagi: injini inaweza kupasuka, nawe ukaungua.

Otomatiki haliwashwi kwa kusukuma. Dizeli yenye ile valvu ya umeme nayo, betri ikiwa imekufa kabisa, mtaisukuma mpaka mchoke, maana valvu haitafunguka.

Ukibusti kwa betri ya gari jingine, funga chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili na mfumo wa volti 24. Hizo usizibusti na gari la volti 12.

Kabla ya kumpigia fundi

Mwambie mambo matatu: sauti uliyoisikia, taa zilifanya nini, na moshi ulitoka au la. Fundi mzuri atajua abebe nini kutoka mjini, nawe utaokoa safari ya pili. Akikuambia ununue kifaa, muulize kwa heshima: "Fundi, umekipimaje?" Kama hajakipima, pesa yako ibaki mfukoni kwanza.

Na jioni hii, kabla hujalala, nenda kashike vichwa vya betri. Ni kazi ya dakika mbili, na huenda usiku huuhuu jirani akaja kugonga mlango akihitaji gari liwake.