Safu ya Diski Inapokataa Kuamka

Usiku mmoja umeme ulikatika ghafla chuoni kwetu. Asubuhi kompyuta kuu iliwaka, lakini alama za mazoezi ya kufundisha hazikuonekana, na zilitakiwa kuwasilishwa baada ya siku mbili. Nawaeleza wanachuo jinsi tulivyokitafuta chanzo, kwa kuwa ndivyo pia mwalimu amtafutavyo mtoto mahali alipopotea katika hesabu.

Kompyuta hiyo hutumia Linux, na diski zake tatu zimeunganishwa kwa programu zikawa safu moja. Mpango huo huitwa RAID 5. Ili kuuelewa, andika ubaoni 3 + 4 = 7, kisha ufute 4. Mtoto ataipata tena kwa kutoa 3 katika 7. Ukifuta tarakimu mbili, hataweza. Kompyuta haijumlishi hivyo hasa, bali hulinganisha biti kwa biti, lakini kanuni ni ile ile: diski moja ikifa habari hubaki, zikifa mbili hupotea.

Mwenzangu alitaka kuendesha fsck juu ya diski mojamoja. Nilimzuia. Mfumo wa faili umekaa juu ya safu, na safu juu ya diski. Kukarabati kipande kimoja kana kwamba ni kitu kizima ni kuharibu. Mwingine alipendekeza safu iundwe upya kwa mdadm --create. Hilo ni baya zaidi, maana huandika kumbukumbu mpya juu ya zile za zamani.

Tulianzia chini. Faili /proc/mdstat ilionyesha kuwa safu imetambuliwa lakini haijaanzishwa. Kisha tukatumia mdadm --examine kwa kila diski. Kila moja huwa na hesabu ya matukio yaliyoandikwa juu yake. Diski mbili zililingana. Ya tatu ilikuwa nyuma mno. Hapo fumbo likafumbuka: diski ya tatu ilikuwa imejitoa zamani, na umeme ulipokatika zile mbili zilikuwa katikati ya kuandika. Linux hukataa kuianzisha yenyewe safu iliyo pungufu na isiyofungwa vema, kwa kuwa hesabu ya kujazia pengo huenda si sahihi.

Tulinakili kwanza diski zote mbili nzima kwenye diski za akiba. Ndipo tukaisimamisha safu kwa mdadm --stop, tukaiunganisha kwa mdadm --assemble --force tukizitaja zile mbili tu. Tukaukagua mfumo wa faili kwa fsck -n, ambayo husoma bila kurekebisha, kisha tukaupachika kwa kusoma tu. Alama zote zilikuwapo, isipokuwa faili moja iliyokuwa ikiandikwa usiku ule. Tuliijaza upya kutoka daftari la msimamizi.

Baadaye tuligundua kwamba mdadm inaweza kutuma barua pepe diski inapojitoa, lakini katika faili yake ya mipangilio hapakuwa na anwani ya mtu yeyote.