Inakaa Wapi?

Mwaka jana, masika yalipokwisha, mama mmoja muuza vitenge wa hapa Tanga aliniletea kompyuta mpakato mbili ndani ya kikapu kimoja. Alizinunua siku moja, duka moja, za aina moja, kwa ajili ya wanawe. Moja ilikwenda Dodoma na kijana anayesoma chuo. Nyingine ilibaki nyumbani Raskazone, kwenye meza ya dirishani inayotazama bahari. Miaka mitatu haijatimia, zote mbili ziko mezani kwangu, haziwaki.

"Fundi," akaniambia, "nimeuziwa feki."

Nilizifungua mbele yake, kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake. Ya Dodoma ilijaa vumbi jekundu, feni imezibwa kama sikio lililotiwa pamba. Ya Raskazone vumbi lilikuwa haba, ila karibu na matundu ya pembeni miguu ya vipande ilikuwa imeota ukijani, kama birika la shaba lililosahauliwa nje. "Mama," nikamwambia, "hizi si feki. Kila moja imeugua maradhi ya mahali ilipokaa."

Nimetengeneza kompyuta kwa miaka 22 sasa, tisa ya kwanza Dodoma, iliyobaki hapa Tanga. Mteja akiingia, sina haraka ya kumuuliza imefanya nini. Namuuliza kwanza: inakaa wapi? Wengi hunishangaa. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya kompyuta ni chumba chake: hewa yake, joto lake, umeme wake na wadudu wake.

Nianze na vumbi, maana ndilo lililonifundisha kazi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi ni kavu kabisa. Upepo ukivuma, udongo laini kama unga wa muhogo hupenya hata dirisha lililofungwa. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo hufanya kazi ikitoa joto jingi. Joto hilo hupita kwenye pesti iliyopakwa juu yake, likafuata bomba la shaba hadi kwenye mabapa membamba, na feni hulisukuma nje. Vumbi likichanganyika na nywele na nyuzi za nguo hufanya blanketi kati ya feni na mabapa. Hapo joto halina pa kutokea. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na isipopata nafuu huzima mashine nzima.

Mwenye mashine haoni joto, anaona uzito. "Fundi, imekuwa nzito, ina virusi." Nimewapokea wengi waliokwisha kulipa fedha kuondolewa virusi ambavyo havikuwapo, kumbe dawa ilikuwa brashi laini, blowa na pesti mpya. Huku Tanga, wateja wangu wa Muheza na Korogwe wenye kazi kwenye mashamba ya mkonge huniletea feni zilizofungwa na nyuzi nyeupe badala ya udongo mwekundu. Ugonjwa ni ule ule.

Kwa hiyo, ukiwa kwenye vumbi, usiiweke kompyuta ya mezani sakafuni, kwa sababu kila fagio linapopita huipulizia taka. Inyanyue hata kwa stuli fupi. Futa chumba kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia kwa ufagio mkavu. Mpakato usiiweke juu ya godoro, maana godoro huziba matundu ya chini. Na ukipuliza vumbi, pulizia nje ya nyumba, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, huku umeishika feni isizunguke kwa nguvu ya upepo. Dodoma nilikuwa nasema kila miezi sita. Hapa Ngamiani, mara moja kwa mwaka inatosha kwa nyumba nyingi.

Jambo moja nalisema kwa upole kwa sababu linatokana na mapenzi. Akina mama wengi huivisha kompyuta kitambaa cha kudarizi, kama wanavyoivisha televisheni. Kitambaa ni kizuri mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwa inawaka, kitambaa hicho kinaifunga pumzi.

Nilipohamia Tanga nilidhani nimepumzika. Vumbi lilipungua, lakini mashine zilikufa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona bara, na ilinichukua muda kuelewa. Mawimbi yakipiga ukingoni hurusha matone madogo mno. Upepo, uwe kaskazi au kusi, huyabeba kuja nchi kavu. Maji yakikauka hubaki punje za chumvi zisizoonekana. Feni huzivuta ndani na zikatua kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote.

Chumvi kavu peke yake haina haraka ya kudhuru. Balaa linaanza hewa inapokuwa na unyevu. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani hadi iyeyuke yenyewe. Kila mpishi wa pwani anaijua habari hii: chumvi iliyoachwa wazi masika hulowa na kuganda. Sasa fikiria ulowevu huo uko juu ya njia za shaba nyembamba kama unywele, umeme ukipita. Maji ya chumvi hupitisha umeme pasipotakiwa, na shaba huliwa kidogo kidogo hadi ikatike. Nina kipima unyevu kidogo ukutani kwenye kibanda changu. Alfajiri za Aprili mara nyingi nakikuta kimevuka 85.

Ndiyo maana, hapa pwani, kompyuta inayotumika kila siku huishi muda mrefu kuliko ile iliyofungiwa kabatini. Inapowaka, joto lake dogo huikausha ndani. Inapolala wiki nyingi kwenye kabati lenye giza, chumvi na ukungu hufanya kazi usiku na mchana. Mwalimu mmoja aliniletea mashine nne za shule zilizofungiwa stoo likizo yote "ili zisichakae". Mbili hazikuwaka tena. Mbili nyingine tatizo lilikuwa kwenye vibao vya RAM, yaani vya kumbukumbu: meno yake ya kugusia yalishika utando, nikayasugua taratibu kwa raba ya kufutia penseli, nikayapangusa kwa spiriti safi, zikaamka. Nilimwomba awe anaziwasha saa moja kila wiki, hata kama hakuna mwanafunzi. Kama lazima uifungie, iweke kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya chembechembe vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikishiba.

Kiyoyozi nacho kina mtego wake. Mashine iliyotoka kwenye ofisi ya nyuzi 18 na kuingia kwenye hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu mwingi hutoka jasho, kama chupa ya soda baridi iliyowekwa mezani. Jasho hilo liko nje na ndani. Ukifika nyumbani, iache ndani ya begi lake kwa nusu saa au zaidi ipate joto la chumba, ndipo uiwashe. Na ikimwagikiwa chai au maji, usiifukie kwenye mchele. Mchele hauondoi sukari wala chumvi iliyobaki ndani. Zima, chomoa, toa betri kama inatoka, ipindue maji yashuke, uilete kwa fundi siku hiyo hiyo. Nimeokoa nyingi zilizokuja mapema. Zilizokaa wiki kwenye mchele nimeokoa chache.

Joto la chumba lenyewe watu hulidharau. Watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato wanaandika kwamba zitumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Januari na Februari, chumba cha bati kisicho na dari hupita hapo kabla ya adhuhuri. Anayeumia wa kwanza ni betri. Betri za lithiamu huzeeka kwa haraka zikikaa kwenye joto, na zaidi zikikaa kwenye joto zikiwa zimejaa pomoni. Kijana mwenye duka la kuchapa hati alikuwa anabadilisha betri kila mwaka, chaja yake haichomolewi, meza iko chini ya bati. Tulisogeza meza ukuta wa mashariki usiopata jua la mchana, akaweka dari ya maboksi, na kwa kuwa mashine yake ina programu ya kuzuia chaji, tukaizuia isipite asilimia 80. Betri ile sasa ina mwaka wa tatu. Na tafadhali, usiiache kompyuta ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuhusu umeme, somo kubwa nililipata Unguja. Mei 2008, umeme unaotoka bara kupitia waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima gizani. Ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kiasi cha miezi mitatu. Nilikwenda kumsalimu shangazi mwezi mmoja baada ya umeme kurudi, nikajikuta nimekaa barazani kwake natengeneza mashine za mtaa. Nyingi hazikuuawa na giza. Ziliuawa na jenereta ndogo za petroli zinazopandisha na kushusha nguvu, na nyingine na ile dakika umeme uliporudi kwa kishindo. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ukirudi, mara nyingi haurudi umetulia.

Basi umeme ukikatika, nenda ukachomoe, usingoje. Ukirudi, hesabu dakika tano ndipo uchomeke. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa na waya wa intaneti pia, maana radi hupita humo. Kwa kompyuta ya mezani nunua UPS, ile betri ya akiba inayokupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Nayo isikae kwenye joto, kwani betri yake huzeeka upesi zaidi kuliko unavyodhani. Na ukigusa kasha la chuma ukahisi kusisimka vidoleni, mwite fundi umeme. Huenda nyumba yako haina waya wa ardhini, na hilo ni hatari kwako kabla halijawa hatari kwa mashine.

Wadudu nitawataja kwa ufupi. Kompyuta ni kijumba chenye giza na joto, tena mara nyingi kina makombo ya biskuti. Sisimizi hutaga ndani ya kibodi. Mende huacha uchafu unaokula shaba. Mijusi huingia kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kupitia matundu ya nyuma yaliyopotelewa na vifuniko, mmoja akagusa sehemu mbili zenye umeme, akafa yeye na mashine. Ziba kila tundu lisilokuwa la hewa, na usile juu ya kibodi.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu asimame chumbani kwake akitazame kwa macho ya mashine: jua linaingia wapi, upepo unatoka wapi, fagio linapita wapi. Naumia ninapoona kompyuta iliyonunuliwa kwa fedha za kikoba au za kuuza ng'ombe ikifa kwa sababu ya dirisha. Katika daftari langu, baada ya jina na tatizo, niliongeza safu ya tatu, nikaandika juu yake "Inakaa wapi". Safu hiyo hunipa jibu mara nyingi kuliko bisibisi.

Yule mama wa vitenge? Ya Dodoma ilipona kwa usafi na pesti mpya. Ya Raskazone ilihitaji mazabodi nyingine, akalipa. Nilikwenda nyumbani kwake, tukaihamisha meza kutoka dirishani hadi chumba cha ndani, na kila mwisho wa kaskazi na mwisho wa kusi huniletea niisafishe.

Mwezi uliopita alikuja tena na boksi jipya ambalo hajalifungua. Binti yake wa mwisho amepata nafasi ya kusoma milimani. Aliliweka juu ya meza yangu, akakaa kwenye benchi, akalishikilia kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "hii itakaa Lushoto. Huko kukoje?"

Nikaweka bisibisi chini, nikaanza kumweleza habari za ukungu.