Kisu Kimepita, Maumivu Yamebaki

Maumivu ya mgongo yanayozidi miezi 3 baada ya upasuaji wa uti wa mgongo ni ugonjwa unaojulikana, wenye sababu zake na tiba zake. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliuita upasuaji wa mgongo ulioshindwa. Jina hilo lilimwongezea mgonjwa uchungu, kwani lilimfanya aamini kwamba daktari alikosea au kwamba mwili wake hauna matengenezo tena. Mwaka 2021 wataalamu wa maumivu walipendekeza jina la haki zaidi: maumivu sugu ya uti wa mgongo ya aina ya 2, yaani yanayobaki au kuzuka baada ya upasuaji. Makadirio ya nchi mbalimbali ni kwamba yanawapata watu 10 hadi 40 katika kila 100 waliopasuliwa, kutegemea aina ya upasuaji na namna maumivu yalivyopimwa.

Gisenyi, nchini Rwanda, ni mji unaoishi kwa mgongo. Kila siku maelfu ya watu huvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma, upande wa Kongo, na kurudi, wengi wao wanawake wenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, pamoja na watu wenye ulemavu wanaosafirisha magunia kwa baiskeli za magurudumu 3. Kwenye vilima vya Rubavu, wilaya ya mji huo, jembe na dumu la maji hupandishwa mlimani kila siku. Mizigo mizito huchosha uti wa mgongo, ingawa umri na urithi wa ukoo navyo vina mkono mkubwa.

Kati ya pingili za mgongo mna diski, mithili ya mito midogo yenye ganda gumu na kiini laini. Ganda likipasuka, kiini huchomoza na kubana mzizi wa neva, na maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni. William Mixter na Joseph Barr, madaktari wa Boston, ndio walioeleza jambo hilo kwa uwazi mwaka 1934, na tangu hapo kutoa kipande cha diski kumekuwa upasuaji wa kawaida. Lakini lipo jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha kabla ya kupasuliwa: upasuaji huo kazi yake ni kuifungua neva, kwa hiyo unachoponya hasa ni mguu. Maumivu ya kiuno chenyewe, yatokayo kwenye diski iliyochakaa, viungio na misuli, yanaweza kubaki palepale hata kama daktari hakukosea lolote. Mtu aliyeahidiwa mgongo mpya ameahidiwa kisichowezekana.

Swali la kwanza la daktari huwa ni hili: maumivu yalianza lini? Kama hayakuondoka hata siku moja, huenda chanzo hakikuguswa. Pengine kilikuwa kwenye kiungio cha nyonga, au neva bado imebanwa mahali pengine. Kama mguu ulipona kisha maumivu yakarudi kwa ghafla, inawezekana diski imechomoza tena. Aliyefungiwa pingili kwa skrubu anaweza kuumwa miaka kadhaa baadaye, kwa sababu pingili za jirani zimebeba kazi ya zile zilizofungwa.

Yanayorudi polepole aghalabu hushukiwa kuwa ya kovu. Mwili huponya jeraha la ndani kama uponyavyo la nje, na kovu hilo linaweza kuishika neva isiteleze mtu anapoinama. Hata hivyo, kovu huonekana pia kwenye picha za MRI za watu wasioumwa kabisa, na ndiyo maana picha peke yake haitoshi kutoa hukumu. Tena neva iliyobanwa muda mrefu huweza kuendelea kutuma ishara ya maumivu hata baada ya kufunguliwa. Maumivu hayo ni ya kweli. Kumwambia mgonjwa kwamba anajifanya ni kumdhulumu.

Zipo dalili zisizongoja. Ganzi kwenye matako na sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu unaozidi kulegea humtaka mtu afike hospitali siku hiyohiyo. Homa, usaha kwenye kidonda, kukonda na jasho la usiku huashiria maambukizi, na katika ukanda huu kifua kikuu cha uti wa mgongo hakipaswi kusahauliwa.

Pasipo dalili hizo, tiba yenye faida ya kudumu ni mwendo: kutembea, na mazoezi ya kuimarisha tumbo na mgongo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, yakiongezwa kidogo kidogo. Kulala kitandani kwa wiki nyingi hudhoofisha misuli na kukuza hofu ya kusogea. Maumivu ya neva hutibiwa kwa dawa kama amitriptilini au gabapentini, kwa maagizo ya daktari. Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani mwezi baada ya mwezi huumiza tumbo na figo.

Wakazi wengi huenda kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, kujilowesha na kukandwa. Joto hulegeza misuli na kuleta nafuu ya saa kadhaa, na nafuu hiyo isidharauliwe. Ila joto haliondoi kovu wala halirudishi diski iliyochomoza. Mwenye kidonda kisichopona asiingie majini, na mwenye ganzi miguuni anaweza kuungua bila kujua.

Kupasuliwa tena kunafaa pale tu chanzo kinapoonekana wazi na kuafikiana na dalili, kwa maana kila upasuaji wa marudio huwa na nafasi ndogo ya kufaulu kuliko uliotangulia. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, huanzia kituo cha afya, akapata rufaa hadi Hospitali ya Gisenyi, na ikibidi Kigali, kwenye hospitali kama CHUK au King Faisal. Akifuata ngazi hizo hulipa asilimia 10 ya gharama ya hospitali; akiziruka hujilipia mwenyewe. Barabara ya Kigali ni ya kona nyingi na saa zisizopungua 3 za kukaa, hivyo ni vyema ashuke na kujinyoosha gari linaposimama.

Na kila anayepasuliwa mgongo, popote pale, aombe nakala ya ripoti ya upasuaji na picha zake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari atakayemwona miaka 2 baadaye hawezi kukisia ni pingili ipi iliguswa.