Mkazi wa Kampala Anawakilishwa na Nani? Somo la Maneno na Mamlaka

Katika zoezi moja la barua rasmi, tuliwataka wanafunzi wetu wamwandikie kiongozi anayehusika kuhusu mfereji ulioziba mtaani kwao Kampala. Barua nyingi zilielekezwa kwa mbunge. Chache zilikwenda kwa Afisa Tarafa, cheo ambacho Kampala hakipo. Sarufi ilikuwa safi na anwani zimekaa mahali pake, lakini mfereji usingezibuliwa. Tulipotafakari, tuliona kwamba kosa lilikuwa letu sisi walimu. Tulikuwa tumefundisha majina ya vyeo kutoka vitabu vya Tanzania na Kenya bila kueleza kazi ya vyeo hivyo. Makala haya yanakusudia kurekebisha kosa hilo.

Tuanzie chini. Ngazi iliyo karibu zaidi na mkazi ni baraza la kijiji, ambalo watu wote hulijua kwa jina la LC 1. Mabaraza haya yalitokana na Mabaraza ya Upinzani yaliyoenea nchini baada ya 1986, yakapata sura ya sasa kwa Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Kamati yake ina watu 10 wakiongozwa na mwenyekiti. Huyu ndiye anayetoa barua ya utambulisho na kusikiliza ugomvi wa majirani. Hata hivyo, uchaguzi wa ngazi hii umekuwa wa nadra: baada ya ule wa 2001, wakazi walingoja hadi Julai 2018, walipopanga mistari nyuma ya wagombea wao. Kwa miaka 17, mwakilishi wa karibu zaidi alikuwa pia yule ambaye wakazi hawakupata nafasi ya kumbadilisha.

Ngazi ya pili ni wadi, ambayo wengi bado huiita parishi. Hapa pana mtego wa kwanza kwa mwalimu. Mwanafunzi aliyesoma habari za Nairobi anajua kwamba wadi humchagua mwakilishi wake moja kwa moja, naye huketi katika bunge la kaunti. Kampala si hivyo: mwenyekiti wa LC 2 huchaguliwa na wanakamati wa LC 1 zilizomo katika wadi hiyo. Neno ni moja, lakini kura si moja.

Mtego wa pili ni divisheni. Kampala ina divisheni tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Kamusi zinaweza kumshawishi mtu aandike "tarafa". Lakini nchini Tanzania tarafa ni eneo la utawala linalosimamiwa na ofisa wa kuteuliwa, wala halina baraza la kuchaguliwa. Divisheni ya Kampala ina baraza, madiwani na meya waliopigiwa kura. Anayeandika "tarafa" humnyang'anya mkazi wawakilishi wake kwa neno moja. Ndiyo maana sisi tunapendekeza "divisheni" ibaki kama wakazi wenyewe wanavyoitamka.

Juu ya divisheni kuna Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, iliyoanza kazi Machi 2011 kwa sheria ya 2010. Baraza lake linaongozwa na Meya Mkuu anayechaguliwa na wakazi wote wa jiji. Erias Lukwago alishinda nafasi hiyo 2011, 2016 na 2021. Tofauti na hapo, meya wa jiji nchini Tanzania huchaguliwa na madiwani wenzake. Aidha, mkazi wa Kampala ana madiwani wa aina mbili, wa divisheni na wa KCCA. Kwa hiyo, neno "diwani" peke yake halitoshi. Lazima tuseme diwani wa wapi. Sheria hiyo ya 2010 iliweka pia viti vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, pamoja na wawakilishi wa wahandisi, wasanifu majengo, madaktari na wanasheria.

Lakini kuchaguliwa si kutawala kila kitu. Kutokana na marekebisho ya Katiba ya 2005, jiji kuu liko chini ya usimamizi wa Serikali Kuu. Mkurugenzi Mtendaji wa KCCA, ambaye ndiye msimamizi wa fedha na watumishi, huteuliwa na Rais. Waziri naye ana sauti. Migogoro iliyotokea kati ya Meya Mkuu na watendaji tangu 2011 ilizuka hapo hasa: mmoja ana kura, mwingine ana kalamu ya kuidhinisha malipo.

Bungeni, mkazi huwakilishwa na mbunge wa jimbo lake na vilevile mbunge mwanamke wa jiji zima. Katika uchaguzi wa 2021, Kampala ilikuwa na majimbo tisa. Kazi ya wabunge hawa ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuihoji Serikali. Mbunge anaweza kuusemea mfereji, lakini si yeye anayewapangia kazi wazibuaji. Barua yetu ilifaa kuanzia kwa mwenyekiti wa LC 1, kisha ipande divisheni, nakala ikienda kwa diwani wa huko.

Tunawashauri walimu wenzetu kwamba, kabla ya kumpa mwanafunzi neno la cheo, tumwulize maswali matatu. Nani alimweka mtu huyu? Nani anaweza kumwondoa? Ana mamlaka juu ya nini? Akijibu, ndipo achague neno, na pale ambapo Kiswahili cha jirani hakilingani na hali ya hapa, aeleze tofauti hiyo kwa sentensi moja.

Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya pia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Kadiri matangazo na fomu za serikali zitakavyoandikwa kwa lugha hii, watakaozitafsiri ni hawa tunaowafundisha leo. Wakikosea neno, mwananchi atabisha hodi kwenye mlango usio wake.