SIMU IKIULIZA "MAMBO?"

Likizo iliyopita nyanya alinipa simu yake nimsomee ujumbe. Ulitoka kliniki: jina lake, tarehe ya kuchukua dawa, na ugonjwa wenyewe, ambao siutaji hapa. Nami, bila kufikiri, nikausoma kwa sauti mbele ya binamu zangu. Nyanya akaizima simu. "Hawa watu wa kompyuta wananitangaza tu!"

Wengine huwacheka wazee wanaokataa kuandikisha nambari zao hospitalini, eti ni ushamba. Mimi nakataa katakata. Simu ya nyumbani kwetu ni ya kila mtu.

Lakini kuna njia nyingine. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 538 walioanza dawa za Ukimwi katika vituo vitatu, Nairobi na Kajiado, walishiriki utafiti. Takriban nusu yao waliandikiwa na muuguzi neno moja kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Sasa jirani akichungulia neno hilo atajua nini? Matokeo yalichapishwa 2010: asilimia 62 ya walioandikiwa walisema wanameza dawa ipasavyo, ilhali kwa wenzao ni asilimia 50.

Nilipomsimulia nyanya, alicheka. "Mambo? Kwani mimi ni rika lao?"

"Basi waandike 'Hujambo, mama?'"

"Hiyo nitajibu," akasema, akaifunga simu kwenye leso bila kuizima.